Ikivuja ni Yetu

Dari la chumba cha mama mkwe lilianguka asubuhi, wakati mwenye nyumba yuko redioni anawatakia wasikilizaji siku njema. Hakuwa na habari. Alisoma salamu, akataja hali ya hewa, akamwashiria fundi mitambo aliyeketi upande wa pili wa kioo, na tangazo likaenda hewani kwa sauti yake mwenyewe, ile aliyoirekodi mwaka uliopita:

"Maji moto kutoka juani mpaka bafuni kwako! Dhamana ya miaka kumi, bila masharti, bila maswali. Ikivuja ni yetu, wewe lala usingizi!"

Simu yake ilikuwa inatetemeka mezani. Alikuwa mkewe, na mkewe hakuwa mtu wa kumpigia akiwa kazini. Alipokea.

"Njoo nyumbani," mkewe alisema, bila hata salamu. "Dari la mama limeshuka."

"Mama yuko wapi?"

"Ni mzima. Njoo."

Alimwachia mwenzake kipindi, akatoka mbio. Ndani ya teksi hakukalika. Alifungua dirisha, akalifunga, akalifungua tena. Dereva alimtupia jicho kwenye kioo.

"Samahani kaka, wewe si Bwana Asubuhi?" Ndivyo wasikilizaji walivyomwita, kwa kuwa kipindi chake ndicho kilichowatoa kitandani. "Nimekujua kwa sauti tu. Mbona leo uko njiani saa hizi?"

"Kuna dharura nyumbani. Tafadhali, nipunguzie hiyo redio."

Mwenzake alikuwa ameshafika kwenye mapumziko, na lile tangazo lilikuwa linaanza upya.

"Au izime kabisa," alisema.

Nyumba yao haikuwa kubwa. Chumba cha mbele, kilichotazama barabara, mkewe alikuwa amekigeuza saluni. Hita ya jua ilifungwa juu ya paa upande wa chumba cha mama yake, ili maji moto yafike haraka bafuni kwa mama na kwenye beseni la kuoshea nywele za wateja. Sasa maji hayo yalikuwa yamepata njia fupi zaidi. Zulia la chumbani lilikuwa uani linachuruzika. Mteja mmoja, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama wima kama ufagio, alikuwa anakinga matone kwa ndoo. Mkewe, suruali ameikunja mpaka magotini, alikuwa anasukuma maji kuelekea mlangoni. Kitandani palikuwa na rundo la vipande vya dari vilivyolowa, vizito kama udongo wa kufinyangia. Mto ulikuwa chini ya rundo hilo, pembe moja tu imejitokeza.

Bwana Asubuhi aliitazama ile pembe ya mto, akageuka na kutoka uani.

Mama mkwe alikuwa ameketi uani kwenye kiti cha plastiki, shuka mabegani, redio yake ndogo mapajani.

"Shikamoo, mama. Pole sana."

"Marahaba, mwanangu. Mimi mzima, usinitazame hivyo. Kibofu ndicho kilichoniokoa. Nilikuwa nimejilaza nakusikiliza, mkojo ukanibana. Nikasema ngoja niende kabla hajaanza kusoma salamu. Nimefika mlangoni tu, nikasikia puu! Nikadhani mmegonga kitu huko studioni."

Mteja mwenye nusu kichwa alicheka, kisha akajutia kicheko chake, akarudi kwenye ndoo.

Hita ile ilikuwa zawadi ya mama mkwe. Alifanya kazi posta maisha yake yote, na alipopata kiinua mgongo watoto walimshauri anunue kiwanja. Yeye akasema kiwanja hakimwogeshi mtu. Viungo vyake vilikuwa vinamuuma kila asubuhi, na binti yake alikuwa anawachemshia wateja maji kwa birika. Kampuni zilikuwa nyingi mjini, lakini yeye hakutaka kusikia habari za nyingine. "Mkwe wangu amesema haina masharti," aliwaambia. "Basi haina masharti." Bwana Asubuhi alikumbuka siku hiyo. Alikuwa ametabasamu, hakusema neno.

Fundi bomba wa mtaa alikuwa ameshaitwa. Alikuwa juu ya ngazi, shati lote mgongoni limeloa.

"Mshono wa chini wa tangi umeachia," alisema alipoteremka. "Naona umekuwa ukivuja kidogo kidogo muda mrefu, dari linanyonya tu, mpaka likachoka. Mimi nimefunga koki basi, maji yasiendelee kuwamwagikia. Kingine sijagusa. Waiteni wenyewe."

Mchana huohuo mume na mke walikwenda dukani. Hita zilikuwa zimepangwa kwenye mwanga mkali, zinang'aa kama meno ya mtu anayetaka kukukopa. Meneja alitoka ofisini mikono ameinyoosha mbele.

"Bwana Asubuhi mwenyewe! Sauti yetu! Karibuni, karibu shemeji. Waleteeni wageni soda."

Alisikiliza habari ya dari huku anatikisa kichwa kwa masikitiko. Aliuliza mama anaendeleaje, kisha akauliza tena. Kesho asubuhi, alisema, mafundi watakuwa mlangoni kwenu kabla hamjanywa chai.

Kesho hiyo ilizaa kesho nyingine. Mama mkwe alihamia sebuleni, kwenye kochi ambalo lilikuwa fupi kwa miguu yake. Mkewe alirudi kwenye birika. Alikuwa anachemsha maji, anayapoza, anamwogesha mama yake, anachemsha mengine, anaosha nywele, na akikuta mume amesimama katikati ya njia humsukuma kwa nyonga bila kusema kitu. Bwana Asubuhi naye alikuwa hatulii. Alikuwa anaingia chumba kilichoanguka dari, anatazama juu, mbao tupu na nyaya zinazoning'inia, anatoka. Akirudi sebuleni anakaa, ananyanyuka, anapiga simu dukani. Wanamwambia wako njiani.

Walipofika walikuwa wawili. Mmoja alipanda paani na kupiga picha. Mwenzake alibaki chini na karatasi, akiuliza maswali, na Bwana Asubuhi akajikuta ndiye amepewa ngazi aishikilie.

"Nani alifunga koki hii?" aliuliza wa juu.

"Fundi bomba wetu," alijibu mke. "Nyumba ilikuwa inajaa maji."

Mafundi walitazamana.

"Hapo sasa dada ndipo kwenye tatizo," alisema wa chini. "Kifaa kikiguswa na mtu ambaye si wa kampuni, waranti inakufa."

"Inakufa? Kitu cha miaka kumi kinakufa kwa kufunga koki? Ulitaka tukae tunaangalia maji mpaka ninyi mfike?"

"Ni masharti, dada."

"Masharti gani? Tangazo linasema bila masharti. Mtaa mzima unalijua kwa moyo."

"Ah, tangazo." Fundi alicheka kwa upole, kama mtu anayemfariji mtoto. "Hilo ni tangazo tu. Wale watu wa redio wanalipwa waseme, wanasema. Wao hata hita hawajawahi kuiona. Ukiwafuata hao utapotea, dada yangu." Kisha akamgeukia Bwana Asubuhi. "Kaka, shikilia vizuri, mwenzangu anashuka."

Bwana Asubuhi alishikilia. Hakufungua mdomo, maana angeufungua angejulikana. Mkewe alimtazama kwa jicho ambalo lilimfuata mpaka jioni.

Saluni si mahali pa siri. Kabla ya mwisho wa wiki habari zilikuwa zimekaa kila kiti, na hapo ndipo yakaanza kutoka mengine. Mama mmoja mwenye nyumba ya kona alikuwa chini ya mashine ya kukaushia nywele. Aliinua kofia ile ya mashine ili asikie vizuri.

"Yangu ilivuja tangu mwezi wa pili," alisema. "Wakaniambia maji yangu yana chumvi. Nikawauliza, kwani mlipokuja kufunga hamkuyaonja?"

"Mimi wameniambia ni kosa la kiwanda," alisema mwenye duka la dawa, ambaye alikuwa anasubiri zamu. "Nikaandikia kiwanda. Kiwanda kikasema mimi sijanunua kwao, nimenunua dukani. Nikarudi dukani, wakasema niongee na aliyefunga. Aliyefunga hapokei simu. Wamenipiga danadana mpaka miguu inauma."

Wakati huo Bwana Asubuhi alikuwa anapita kutoka ndani kwenda nje, mkono tayari kwenye kitasa.

"Shemeji," alisema mama wa kona. Hakusema kwa ukali. "Si wewe uliyesema bila maswali? Mbona mimi wameniuliza maswali mpaka la jina la mjomba wangu?"

Wanawake walicheka. Alicheka pia, akatoka, na alipofika barabarani hakujua alikuwa anakwenda wapi. Alitembea hata hivyo. Kwa kinyozi tangazo lilikuwa linalia. Kwenye kibanda cha kuuza simu lilikuwa linalia. Alikuwa ameishi kwa sauti hiyo miaka yote, imemlisha, imemwoza mke, na sasa aliikwepa kama mdai, anavuka upande wa pili wa barabara na kukuta imetangulia.

Meneja alimpigia mwenyewe.

"Ndugu yangu, nimesikia vijana wangu walikujia na mambo ya koki. Wasamehe. Hawakukujua. Wewe ni mtu wetu bwana, wewe hatuwezi kukuacha. Nakuletea tangi jipya, na dari nitakutengenezea. Ila tusilifanye sherehe. Wengine wakisikia watataka na wao."

"Lakini na wao si wamenunua?"

"Kila kesi na mambo yake," meneja alisema. "Wewe pokea."

Alipomweleza mkewe, mkewe alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akafunika uso kwa viganja. "Walete," alisema. "Mgongo wangu umekwisha. Walete hata leo."

Gari lilikuja na tangi limefungwa kwa kamba, limefunikwa nailoni. Fundi aliyemfundisha namna ya kushika ngazi alikuwa mpole siku hiyo, anamwita mheshimiwa. Alitoa karatasi ya kusaini. Mteja ameridhika, ilisema, na hatalalamika popote wala kutoa ushahidi wowote juu ya jambo hili. Bwana Asubuhi alipewa kalamu. Aliegemeza karatasi kwenye boneti ya gari.

Mama wa kona alitokea saluni, amevaa taulo shingoni. Aliliona tangi.

"Hongereni," alisema. Alijaribu kutabasamu, na tabasamu likamshinda njiani. "Kweli kujuana ni kuzuri." Akarudi ndani.

Mama mkwe alikuwa ameketi kivulini mbele ya nyumba. "La kwetu hilo?" aliuliza.

"La kwetu, mama."

"Na lake yule wanaleta lini?"

Kalamu ilikuwa imeshagusa karatasi, imeacha nukta nyeusi mahali pa jina. Mafundi walikuwa wanamsubiri, mkewe amesimama mlangoni na birika mkononi. Kisha Bwana Asubuhi akairudisha kalamu.

"Rudini nalo," alisema.

"Mheshimiwa?"

"Nimesema rudini nalo. Mkiwa na ya wote, njooni."

Gari liliondoka na tangi lake. Mkewe alingoja mpaka lilipokata kona.

"Umeniuliza?" alisema. "Hapana, nijibu. Umeniuliza mimi ninayebeba hayo maji?"

"Sikukuuliza."

"Wewe unakwenda kukaa kwenye kiti kinachozunguka, unaongea. Mimi ninachemsha. Sasa umekuwa shujaa kwa mgongo wangu."

Lilikuwa kweli. Alichukua birika mkononi mwa mkewe, akaenda kulijaza. Alibeba maji siku nzima mpaka viganja vikamwiva, akajimwagia mengine miguuni, akaruka ruka uani kwa mguu mmoja huku mama mkwe anajifanya hajaona. Jioni mkewe alimletea dawa ya kupaka, akaiweka chini mbele yake.

"Kama umeamua, basi tufanye kweli," alisema, bado amekunja uso. "Siyo kwenda kupiga kelele dukani tukapewa soda. Kuna ofisi ya walaji. Kesho tunakwenda sote, na wale wanawake pia."

Ofisi hiyo ilikuwa juu ya ghorofa, lifti mbovu. Mama mkwe alipanda ngazi akipumzika kila anapopindia, amekataa kubebwa na amekataa kuachwa. Juu ya mlango kulikuwa na kibao: Ofisi ya Kulinda Walaji.

"Walaji?" aliuliza, akihema. "Mimi sijala kitu cha watu. Nimelala zangu dari likaniangukia."

Afisa aliyewapokea, mwanamke mwenye mafua na kitambaa mkononi, alicheka mpaka akakohoa. "Mama, mlaji hapa ni yeyote aliyenunua kitu akitumie. Hata ungenunua jiwe, wewe ni mlaji. Kaeni."

Aliwasikiliza mmoja mmoja, bila haraka. Mwenye duka la dawa alipofika kwenye habari za kiwanda, afisa alimkatiza.

"Nani alipokea pesa yako?"

"Duka."

"Basi unalidai duka. Duka likitaka kugombana na kiwanda, au na fundi wake, hayo ni yao ya chumbani. Wewe usitembezwe tena."

"Na koki?" mke aliuliza. "Wanasema tumeigusa."

"Ungeiacha maji yakabomoa nyumba, wangekuuliza kwa nini hukuifunga. Kuzuia hasara si kuharibu kifaa. Waonyeshe wao kwamba koki ndiyo iliyopasua mshono." Alipenga kamasi. "Kitakachowasumbua ni haya maandishi madogo nyuma ya cheti cha dhamana. Huku masharti yamejaa. Lakini kama waliwatangazia watu hakuna masharti, na watu wakanunua kwa sababu hiyo, hawawezi kuuza kwa mdomo mmoja na kukataa kwa mwingine. Tangazo lao ni sehemu ya ahadi yao. Nitahitaji mtu wa kuthibitisha walitangaza nini hasa, na nani aliagiza yasemwe hivyo."

Wote walimtazama Bwana Asubuhi. Afisa alifuata macho yao, akamtazama pia.

"Nilikuwa najiuliza hii sauti nimeisikia wapi," alisema.

Bosi wake redioni alimwita kabla hata wito wa shauri haujakauka wino. Alifunga mlango wa ofisi, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi.

"Wale ni wateja wetu wakubwa. Unajua hilo?"

"Najua."

"Wewe kazi yako ni kusoma. Huuzi hita. Nenda kawaambie ulisoma, basi, ukae kimya. Au usiende kabisa, uwe mgonjwa."

"Nitasema kilichotokea."

"Basi na mimi nitafanya kitakachotokea," alisema bosi, akafungua mlango.

Siku ya shauri alivaa koti, akalivua, akalivaa tena. Chumba cha baraza linalosikiliza malalamiko ya walaji kilikuwa na meza ndefu na feni iliyozunguka kwa kulalamika. Mwenyekiti alikuwa mzee mkavu aliyeongea chini chini, hivyo kila mtu alilazimika kunyamaza ili amsikie. Meneja alikuja na wakili kijana mwenye viatu vinavyolia. Hakumwangalia Bwana Asubuhi.

Mama mkwe alikuwa wa kwanza. Aliulizwa kwa nini alinunua hita ile na si nyingine.

"Kwa sababu ya maneno," alisema.

"Maneno gani, mama?"

Alijiweka sawa kitini, akayatoa yote, neno kwa neno, na pale kwenye kulala usingizi akashusha sauti kidogo kama mkwe wake anavyoishusha. Wanawake waliokuwa nyuma walimalizia pamoja naye bila kuambiwa. Mwenyekiti aligonga meza taratibu, lakini alichelewa kidogo kugonga.

Wakili alisimama. "Mheshimiwa mwenyekiti, hatubishi kwamba maneno hayo yalisikika. Lakini kampuni ilipeleka redioni maelezo ya kawaida ya bidhaa. Hayo ya bila masharti ni mbwembwe za mtangazaji. Watangazaji wana tabia ya kutia chumvi. Kampuni haiwezi kubeba chumvi ya mtu mwingine."

Bwana Asubuhi alikuwa amejiandaa kwa mengi, ila si kwa hili, kugeuzwa yeye ndiye mwongo. Alisimama kabla ya kuitwa, akaambiwa akae, akakaa, akaitwa, akasimama tena.

Alipoanza, sauti ilimgoma. Sauti ileile. Ilitoka nyembamba, ikakwaruza, ikabidi anywe maji.

"Siku ya kurekodi," alisema, "nilisoma mara ya kwanza kama nilivyopewa. Karatasi ilisema dhamana ya miaka kumi, nukta. Meneja alikuwepo studioni. Alikuwa amekaa upande wangu wa kioo, kwenye kiti cha mgeni. Akasema haina nguvu. Akasema, ongeza bila masharti, bila maswali. Nikamuuliza, kwani hakuna masharti? Akasema, watu hawasomi masharti. Nikaongeza." Alimtazama meneja. "Niliongeza, na nikalipwa kwa sauti yangu. Hilo silikatai. Lakini chumvi haikuwa yangu. Nililetewa na kijiko chake."

Feni ilizunguka. Wakili aliinuka nusu, na mwenyekiti akamwonyesha kiganja.

"Meneja," mwenyekiti alisema, chini chini vilevile. "Nataka wewe mwenyewe, si wakili. Ulikuwepo studioni siku hiyo?"

Meneja alitazama meza.

"Nilikuwepo."

"Ulisikia maneno hayo yakisemwa?"

"Niliyasikia."

"Na yameendelea kutangazwa mpaka leo?"

Meneja alitoa kitambaa akajifuta shingo. "Ndiyo," alisema, na mama wa kona, aliyekuwa amekaa nyuma mikono imefungana kifuani, alitoa pumzi ndefu iliyosikika chumba kizima.

Uamuzi ulipotoka, uliwapa kila mlalamikaji kuchagua: tangi jipya lifungwe na kampuni, au arudishiwe alicholipa. Madari na kuta zilizoharibika zirekebishwe kwa gharama ya duka. Tangazo liondolewe hewani. Wakili alisema watakata rufaa, lakini hawakukata. Walifanya kile walichojua kufanya vizuri, walichelewesha, na afisa mwenye mafua alikuwa akiwapigia simu kila walipolala mpaka wakachoka kulala.

Mama wa kona alichukua tangi jipya. Mwenye duka la dawa alirudishiwa pesa zake, akasema hataki tena kitu chochote juu ya paa lake isipokuwa ndege. Nyumbani kwa Bwana Asubuhi palizuka ubishi. Mama mkwe alitaka tangi, kwa kuwa jua halijakosa kitu. Binti yake alitaka pesa. Walibishana kutwa, mmoja akiwa na kichana na mwingine na fimbo, na aliyeshinda ni mama, maana hita ilikuwa yake. Lakini siku ya kufunga, mkewe alipanda ngazi mwenyewe, akasimama juu ya paa mikono kiunoni, akawafanya mafundi wafungue na kufunga kila boliti mbele ya macho yake. Mumewe alishikilia ngazi.

Redioni hawakumfukuza. Waliona ingesemwa vibaya. Walimpa kijana mwingine kipindi cha asubuhi, na yeye wakampeleka kwenye matangazo ya vifo, mchana, wakati watu wengi wana usingizi. Siku ya kwanza alirudi nyumbani, akakaa uani bila kuvua viatu. Mama mkwe alikuwa amemsikiliza, kama kawaida yake.

"Umesoma vizuri," alimwambia. "Taratibu, kwa heshima. Na hao angalau hawatakuja kukulalamikia."

Alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu kicheko kimtoke chenyewe. Kisha akacheka mkewe, aliyekuwa mlangoni anakung'uta taulo, na kwa siku hiyo ikatosha. Hakuzoea upesi, hata hivyo. Asubuhi bado aliamka mapema bila sababu, akazunguka nyumba, akaenda kusimama barabarani kuangalia watu wanaokwenda kazini.

Asubuhi moja kama hiyo mtu alimwita kwa nyuma. Alikuwa mwanamume mfupi, amevaa aproni ya bucha, amevuka barabara mbio bila kuangalia magari.

"Bwana, samahani. Wewe si yule wa hita? Nimekutafuta. Mimi nilifungiwa milango ya alumini, wakanihakikishia. Haijapita hata masika moja, haifungiki. Nalala nimeegemeza kabati. Nikienda wananiambia nyumba ndiyo imepinda."

"Nyumba imepinda?"

"Ndivyo wanavyosema. Nyumba ilikuwa hapo kabla wao hawajazaliwa."

Bwana Asubuhi alitazama saa. Alikuwa na maiti za kusoma, lakini si sasa hivi.

"Uliwalipa nani pesa, wenye duka au fundi?"

"Wenye duka."

"Twende nikaione hiyo milango," alisema, na alikuwa ameshatangulia kutembea.